Mbolea Inayofagiwa Kila Jumamosi



Jumamosi iliyopita nilipita mtaani kwetu mapema, jua halijakolea, na kama ilivyo kawaida ya Jumamosi mafyekeo yalikuwa kazini. Kijana wa nyumba ya kona alikuwa amemaliza kufyeka uwanja. Akachukua chelewa, akafagia majani yote mabichi mpaka ukutani, akayachanganya na majani makavu ya mwembe, akayaacha yanyauke hadi saa nne, kisha akayatia kiberiti. Moshi ulikaa mtaani mpaka adhuhuri. Mchana wa siku hiyohiyo, kwenye geti la nyumba ileile, kirikuu, kile kigari cha mizigo, ikashusha viroba kumi vya samadi ya ng'ombe. Mwenye nyumba, mama mmoja ninayemheshimu sana, aliponiona akasema, "Jirani, haya majani yananitesa. Nayalisha kila mvua, hayashibi."

Malalamiko ya mama yule yananijia kwa namna nyingi. Watu wanataka mbolea ya uwanja iliyo ya asili, isiyounguza, inayolisha polepole kwa muda mrefu, na isiyokula mshahara. Wengine wameiona kwenye maduka ya vifaa vya bustani, katika mifuko midogo iliyotoka nje, imeandikwa kwamba inalisha majani miezi mitatu. Wanatazama bei, wanairudisha rafuni. Mimi nasema mbolea ya namna hiyo ipo hapahapa nchini na ni nafuu, ila haiuzwi katika maduka yale. Na sehemu yake moja mama yule aliichoma asubuhi.

Tuanze na mahitaji ya majani yenyewe. Mahindi tunayalisha yazae, mgomba tunaulisha utoe mkungu. Ukoka hatuutaki utoe kitu zaidi ya jani, na katika virutubisho vyote ambavyo jani linachota ardhini, linachota naitrojeni zaidi kuliko kingine chochote. Fosforasi na potasiamu zinahitajika pia, lakini kwa kiasi kidogo, na uwanja uliokwisha kupewa samadi mara kadhaa kwa kawaida unazo. Kwa hiyo ukiwa na mbolea mbili mkononi, jiulize: humu mna naitrojeni kiasi gani, na itatoka kwa mwendo gani?

Yurea, ile mbolea nyeupe ya chengachenga, ina naitrojeni asilimia 46. Mfuko wa kilo 50 umebeba kilo 23 za naitrojeni tupu. Hakuna mbolea ya asili inayoikaribia, na mimi siisemi vibaya: imelisha watu wengi duniani na itaendelea kuwalisha. Shida ni mwendo wake. Inayeyuka kwa mvua moja. Udongo wa mfinyanzi unaweza kuishikilia kidogo, lakini mchanga wa Kigamboni au wa Mbagala, jijini Dar es Salaam, yurea ikishageuka naitreti, hauna cha kuikamatia, nayo inashuka na maji. Wiki mbili uwanja unang'aa hata wapita njia wanageuza shingo. Wiki ya tano umerudi njano. Naitreti iliyoshuka inaelekea kwenye maji ya chini, ambako nyumba nyingi za jiji zinachota kwa visima vyao wenyewe. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 50 za naitreti katika lita moja ya maji ya kunywa, hasa kwa ajili ya watoto wachanga wanaokorogewa maziwa ya unga kwa maji hayo. Visima vyetu vina matatizo mengine ya kutosha, kuanzia vyoo vya shimo vilivyobanana. Sioni kwa nini tuviongezee jingine kwa ajili ya uwanja wa kupumzikia.

Na kuna jambo la haki. Mwaka 2022, baada ya bei za mbolea duniani kupanda vibaya, serikali ya Tanzania ilianza tena kutoa ruzuku ya mbolea kwa wakulima. Mfuko wa mbolea ya ruzuku umechangiwa na taifa zima ili mkulima wa Songea au Mbozi avune. Kuutafutia njia ya kuufikisha kwenye ukoka wa mjini ni kumpunguzia mwenye shamba, na ninamwomba kila anayenisikiliza asifanye hivyo hata akiletewa mpaka mlangoni.

Mbolea ya asili ina mwendo mwingine kwa sababu naitrojeni yake kwa sehemu kubwa imefungwa ndani ya protini: protini ya mbegu, ya damu, ya majani, ya mabaki yaliyopita tumboni mwa mnyama. Nyasi haziwezi kuila vile ilivyo. Lazima kwanza bakteria na kuvu wa udongoni waivunje itoke amonia, halafu bakteria wa kundi jingine waigeuze naitreti. Wafanyakazi hao wanataka unyevu na joto, yaani hali ileile inayozipa nyasi nguvu ya kula. Udongo ukikauka nao wanalala, na chakula kinabaki ghalani. Mvua ikirudi wanaamka pamoja na mizizi. Huo ndio upole wa mbolea hizi, na ndiyo sababu ni vigumu kuunguza majani kwa kutumia iliyoandaliwa vizuri.

Hapa nawageukia watu wa pwani. Mengi yanayoandikwa kwenye mifuko ya kutoka nje yamepimwa kwenye nchi za baridi. Joto la udongo likiongezeka kwa nyuzi 10, kasi ya vijidudu inakaribia kuzidi maradufu. Mbolea inayolisha miezi mitatu Ulaya, kwenye udongo wa Tanga au Dar es Salaam huenda ikaisha katika wiki sita au nane. Mtu wa Lushoto, Njombe au Limuru ataona ikidumu zaidi. Kwa hiyo sisi wa pwani tutoe kidogo na turudie, tusimwage ya mwaka mzima siku moja kwa imani kwamba itangoja.

Sasa naomba uchukue kalamu, maana hesabu inayofuata ndiyo itakayokuokolea fedha.

Uwanja wa mita 10 kwa 10, yaani mita za mraba 100, unatosheka kwa nusu kilo ya naitrojeni kwa mlisho mmoja. Nusu kilo tu. Kuipata kwa yurea unahitaji kilo moja na kidogo. Kwa mboji yenye naitrojeni asilimia 1, kilo 50. Kwa mavi ya kuku yaliyokauka vizuri na kuiva, yenye asilimia kama 3, kilo 17 hivi. Na kwa mashudu ya pamba yenye asilimia 6, kilo 8 na theluthi.

Ndiyo, mashudu, yale yale ya ng'ombe wa maziwa.

Mara ya kwanza nilipokwenda kuyanunua kwa kazi hii, muuzaji wa vyakula vya mifugo aliniuliza nina ng'ombe wangapi. Nikamwambia sina hata mmoja. Akaniangalia kwa muda, akaniuzia. Mashudu ni yale yanayobaki mbegu ikishakamuliwa mafuta. Mafuta hayana naitrojeni, kwa hiyo yanapoondoka naitrojeni yote inabaki kwenye mashudu. Tanzania tunayo ya pamba kutoka Shinyanga, Simiyu na Mwanza, na ya alizeti kutoka Singida na Dodoma. Namna ya kujua nguvu yake ni rahisi kuliko unavyodhani: muulize muuzaji kiwango cha protini, maana wafugaji humuuliza kila siku, au soma kwenye mfuko. Ukishapata namba hiyo igawanye kwa 6.25. Protini kwa wastani ina naitrojeni asilimia 16, na 100 ukigawa kwa 16 unapata 6.25. Mashudu yenye protini asilimia 38 yana naitrojeni asilimia 6. Ya alizeti yaliyokamuliwa pamoja na maganda, yenye protini 25, yana asilimia 4. Hesabu hiyohiyo wataalamu wa lishe huifuata kwa kurudi nyuma: wanapima naitrojeni ya chakula, wanazidisha kwa 6.25, wanaandika protini.

Ukishajua hilo, ule mfuko wa kutoka nje hautakutisha. Mbolea moja maarufu kule Marekani hutengenezwa katika mji wa Milwaukee, ambao tangu mwaka 1926 umekuwa ukikausha vijidudu vinavyokua katika mitambo yake ya kusafisha maji taka na kuviuza kama mbolea ya nyasi. Viwanja vya gofu viliipenda mapema kwa sababu haiunguzi. Naitrojeni yake ni asilimia 6, sawa na mashudu ya pamba ya Shinyanga.

Sasa bei. Bei zinabadilika kila wiki na kila mji, kwa hiyo nitatumia namba za mfano tu, wewe weka za kwenu. Tuseme kiroba cha samadi ya ng'ombe cha kilo 30 ni shilingi 3,000, na mfuko wa mashudu wa kilo 50 ni shilingi 30,000. Mashudu yanaonekana ghali mara kumi. Lakini samadi ile, tuwe wakarimu tuseme ni kavu na ina asilimia 1, imebeba gramu 300 za naitrojeni. Mfuko wa mashudu umebeba kilo tatu, mara kumi ileile. Bei ya kilo moja ya naitrojeni ni shilingi 10,000 kwa vyote viwili. Kisha ongeza usafiri: viroba kumi ni safari ya kirikuu, mfuko mmoja unapakia kwenye bodaboda. Na samadi ya mjini mara nyingi imenyeshewa, nusu ya uzito wake ni maji, na kiasi fulani ni mchanga uliokombwa pamoja nayo zizini. Mama wa nyumba ya kona alilipia maji na mchanga, vikapita getini kwa heshima zote.

Sisemi samadi haina kazi. Kwa mchanga wa pwani ndiyo inayojenga mwili wa udongo, inayoufanya ushike maji, na ukianzisha uwanja mpya ichanganye kwa wingi kabla hujapanda. Ninachosema ni kwamba kama unachotafuta ni kulisha majani yaliyokwisha kushika, samadi kavukavu ya kumwagia juu ni njia ndefu.

Kuna mtu ameshaanza kunung'unika huko alipo: unachukua chakula cha ng'ombe unalisha nyasi? Swali hilo lilinisumbua na mimi. Jibu nililipata kwenye stoo ya muuzaji yuleyule. Pembeni, chini ya paa lililokuwa likivuja, kulikuwa na mifuko ya mashudu iliyolowa wakati wa masika ikaota ukungu. Mashudu ya namna hiyo yanaweza kuwa na sumukuvu. Ng'ombe akilishwa, sehemu ya sumu hiyo inatokea kwenye maziwa, na mtoto anayanywa. Yasiuzwe kwa mfugaji hata kwa bei ya chini. Udongoni ni jambo jingine, kwa sababu vijidudu vya ardhi huishambulia sumu hiyo na kuivunja, wala hatuli ukoka. Kwa hiyo mimi huulizia mashudu yaliyoharibika, yale ambayo mfugaji mwenye akili hatayagusa, na hupata kwa bei ndogo sana kuliko mazima. Ukifanya hivyo zingatia mambo mawili. Funga kitambaa puani na mdomoni, vumbi la ukungu si la kuvuta, na uyaloweshe kidogo kabla ya kumwaga. Na usiyaache mahali ambapo kuku, mbuzi au kijana anayelisha mifugo anaweza kuyafikia akidhani ni chakula.

Hata mazima yana adha yake. Kuku wa jirani watakuja kuchakura, panya watanusa. Yasage yawe laini, yamwage jioni, mwagilia maji yashuke kwenye mashina, na ndani ya siku mbili hayana tena mvuto. Halafu kuna mashudu ambayo nakukataza kabisa kama una mbwa, mbuzi au watoto wadogo: ya mbegu za mbarika, zile wengine huziita nyonyo. Ni mbolea kali na nzuri, lakini yana sumu inayoua mnyama kwa kiasi kidogo.

Ya mwarobaini yakipatikana, usiyaache. Yana kitu kinachowapunguza kasi wale bakteria wanaogeuza amonia kuwa naitreti, na hivyo chakula kinakaa udongoni muda mrefu zaidi. India walilichukulia jambo hilo kwa uzito kiasi kwamba mwaka 2015 waliagiza yurea yote inayotengenezwa nchini humo ipakwe mafuta ya mwarobaini. Na sisi Dodoma yote ina miarobaini, mbegu zinakanyagwa barabarani.

Nije kwenye mavi ya kuku, kwa sababu hapa niliumia.

Miaka kadhaa iliyopita nilinunua mzigo kwa mfugaji wa kuku wa nyama, ambaye sina haja ya kumtaja. Aliniapia yameiva. Nilipofungua kiroba cha kwanza, harufu ilinipiga hadi machozi yakanitoka. Nilipaswa kusimama pale. Harufu ile ni amonia, na amonia ni dalili kwamba kazi ya ndani bado inaendelea na naitrojeni uliyoilipia inaondoka hewani. Lakini wingu la mvua lilikuwa limetanda, kijana wa kunisaidia nilikuwa nimeshamlipa, tukamwaga viroba vyote siku hiyo. Mvua haikunyesha. Siku ya nne uwanja ulikuwa na mabaka ya rangi ya nyasi za kuezekea, mengine makubwa kama meza. Nzi walijaa nyumba tatu. Jirani mwenye mtoto mwenye pumu alikuja kunigongea usiku, na sikuwa na la kumjibu. Nililotenda lilikuwa baya, ukoka ulichukua miezi mitatu kuziba mabaka yale, na jirani yule nilimwomba radhi zaidi ya mara moja.

Tangu hapo nanunua mabichi kwa makusudi, kwa bei ya mabichi, na kuyaivisha mwenyewe. Mavi ya kuku wa nyama huja na matandiko yake, ama maranda ya mbao ama pumba za mpunga, na hilo ni jema, maana matandiko yanampa kijidudu kaboni ya kufanyia kazi. Ya kuku wa mayai wanaofugwa kwenye vizimba vya waya hayana matandiko, ni makali zaidi, yaongezee majani makavu. Ninayalundika yafike kimo cha kiuno, nayanyunyizia maji mpaka ukikamata konzi na kuminya inatoka tone moja au mawili, nafunika kwa turubai. Siku ya tatu ukiingiza mkono utautoa haraka kwa joto. Joto hilo, likizidi nyuzi 55 kwa siku kadhaa, linaua mbegu nyingi za magugu na vimelea vya magonjwa. Nageuza kila wiki ili ya nje yaingie ndani. Baada ya wiki sita mpaka nane lundo limepoa, limeshuka, lina rangi ya kahawa iliyokaangwa, na harufu yake ni ya udongo uliotoka kunyeshewa. Hapo kilo 15 hadi 20 kwa mita za mraba 100 zinatosha. Usitie majivu kwenye lundo hili. Majivu yana potasiamu nzuri, lakini yanaifukuza amonia kwa haraka, utabaki na lundo lisilo na nguvu.

Maranda matupu, bila mavi, usiyamwage kwenye majani. Vijidudu vikikutana na mbao isiyo na naitrojeni vinaichukua ya udongoni ili viweze kuila, na uwanja wako unageuka njano kwa njaa. Na ule "udongo mweusi" unaouzwa kwa lori kando ya barabara, uchunguze kwa vidole kabla hujalipa. Ukikuta vijiti vyeusi vyenye vinundu kama njugu ndogo, hiyo ni ndago, na ukishaiingiza kwako utaing'oa mpaka wajukuu.

Nimefika kwenye lile lililonifanya nizungumze leo.

Nyasi hizi tunazozifagia ni za kwetu. Kuna nyasi zinazofunika viwanja na malisho ya Australia na California ambazo dunia inaziita kwa jina la Wakikuyu, kwa sababu asili yake ni nyanda za juu za Afrika Mashariki. Ukoka wenyewe umetanda tangu zamani Afrika. Zimekulia chini ya midomo na kwato. Huko Serengeti, ambako nyumbu peke yao wanazidi milioni moja, kuna maeneo mapana ambayo nyasi zake zimekaa chini, zimebanana, mbichi, kana kwamba kuna mtu anazifyeka. Mwanasayansi wa Marekani, Samuel McNaughton, aliyefanya utafiti wa miaka mingi pale, aliandika mwaka 1984 kuyahusu maeneo hayo, akiyaita viwanja vya malisho. Mwaka 1997 yeye na wenzake, akiwamo Banyikwa wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walionyesha katika jarida la Science kwamba wanyama hao wanapokula na kuacha mavi na mkojo palepale, wanaharakisha mzunguko wa naitrojeni udongoni, na nyasi wanazozirudia zinakuwa bora kwao wenyewe. Hakuna kirikuu inayopeleka samadi Serengeti. Kinacholiwa kinarudi kilipotoka, hatua chache tu pembeni.

Sisi tumeweka fyekeo mahali pa nyumbu. Ni sawa kabisa, nyasi hazijui tofauti kubwa. Lakini nyumbu wetu anakula halafu anachoma moto alichokula. Majani ya uwanja yaliyolishwa vizuri, yakikauka, yana naitrojeni asilimia 3 mpaka 4. Yalinganishe na namba nilizokupa mwanzo: yanazidi samadi, yanalingana na mavi ya kuku, yanakaribiana na mashudu ya alizeti. Kilo 100 za majani makavu, ambazo uwanja wa kawaida ukinyeshewa vizuri unaweza kuzitoa katika mwaka, zina naitrojeni kama ya mfuko mzima wa mashudu ya pamba. Ukiyachoma, karibu naitrojeni yote inapanda na moshi. Kwenye majivu hubaki potasiamu, chokaa na fosforasi. Wataalamu wa nyasi wanakadiria kwamba kuyaacha majani yaliyokatwa palepale uwanjani kunaweza kupunguza mahitaji ya mbolea kwa robo. Kwa uwanja wa mchanga uliozoea kufagiwa, robo hiyo ni kubwa.

Najua kinachowatia watu wasiwasi. Wanaona majani yaliyoachwa yanaonekana uchafu, yanafunika mabichi, yanaoza. Hilo hutokea ukisubiri majani yafike magotini ndipo umwite kijana. Hapo unachokata ni karibu nyasi za kuezekea, na kweli zitaziba pumzi. Zipeleke chini ya migomba au kwenye lundo la mboji. Ukikata mara kwa mara, usipunguze zaidi ya theluthi ya urefu wa jani, vipande vinakuwa vifupi, vinadondoka katikati ya mashina, na kwa joto letu vinapotea ndani ya siku chache. Wakati wa masika ni kila wiki. Kiangazi hata mwezi unaweza kupita. Fyekeo liwe limenolewa, lisichane jani.

Kwa hiyo mwaka wangu uko hivi. Machi, mvua za kwanza za masika zikishalowesha udongo mpaka urefu wa kidole, namwaga mlisho wa kwanza, mashudu au mavi ya kuku yaliyoiva. Mwishoni mwa Mei, kabla unyevu haujaisha, wa pili. Mlisho wa tatu ni Oktoba au Novemba, vuli ikishaanza kweli. Si kwa wingu la siku moja. Katikati ya kiangazi sitoi kitu. Wala simwagi siku ambayo mvua kubwa imetangazwa, kwa sababu hata ya asili ikichukuliwa na mafuriko inaishia mtaroni. Na katika miezi yote hiyo, majani yanayokatwa yanalala yalipoangukia.

Jumapili nilikwenda kwa yule mama wa nyumba ya kona. Nilimweleza haya niliyokueleza, akanisikiliza, lakini nikaona hajaridhika. Ndipo nikamwomba aje kwangu. Tulipiga magoti kwenye ukoka, uliokuwa umefyekwa siku kumi nyuma na haukufagiwa, nikamwambia atafute majani yaliyokatwa. Alipanua nyasi kwa vidole hapa na pale. Alikuta vipande vichache vya kahawia, laini, vinavyovunjika ukivigusa, na chini yake tabaka jembamba jeusi, na vichuguu vidogo vidogo vya minyoo. Akachukua udongo kidogo, akaunusa. Kisha akauliza kama atapaswa kumpunguzia malipo kijana wake akishaacha kufagia na kuchoma. Nikamwambia amlipe yaleyale, na muda unaobaki kijana ageuze lundo la mboji.